Mume na Mke wa Ulyankulu



Labda katika kijiji chako yupo mtu aliyetoka nchi nyingine. Mnateka maji kisima kimoja. Watoto wenu wanasoma shule moja. Je, umewahi kumwuliza alifikaje hapo, na siku za kwanza aliishije?

Katika somo hili utasoma habari za mume na mke waliotoka Burundi mwaka 1972 wakaja kuishi Ulyankulu, mkoani Tabora. Hatutawataja kwa majina. Wao si watu wawili fulani. Tumechukua mambo yaliyowapata wengi tukayaweka katika nyumba moja, ili uyaone vizuri. Lakini mahali, miaka na mambo ya serikali utakayosoma ni ya kweli.

NJIA YA ZAMANI

Kwanza tuitazame Tabora yenyewe. Tabora ni njia panda tangu zamani. Kabla ya reli, misafara ilitoka Bagamoyo ikapita Ugogo ikafika hapa. Wageni wengi walipaita Kazeh. Kutoka hapa njia moja ilikwenda Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, na nyingine ilikwenda kaskazini, Karagwe na Buganda.

Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Walibeba pembe za ndovu mabegani mpaka pwani, wakarudi na nguo, shanga na waya. Katika njia hiyo hiyo walipitishwa watumwa, na jambo hilo tusilifiche.

Waingereza wawili, Burton na Speke, walipofika Kazeh mwaka 1857, waliwakuta Waarabu kutoka Omani wamekwisha kujenga matembe yao. Wamanyema kutoka Kongo nao walikaa hapa. Watusi walikuja na ng'ombe wao wakapewa mahali pa kuchungia. Mwaka 1872 Livingstone alikaa Kwihara, karibu na mji wa Tabora, akingoja wapagazi wa kumchukua tena safarini. Kisha reli ilikuja. Ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na kwa sehemu kubwa ilifuata njia ya misafara.

Kwa hiyo Mnyamwezi anaujua ugeni kwa pande zote mbili. Amepokea wageni kwake, naye amekuwa mgeni kwa watu. Wapo wapagazi waliofika pwani wakaoa huko, wasirudi tena.

KUVUKA ZIWA

Sasa twende Burundi. Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulianza kusini mwa nchi hiyo, upande wa ziwa. Waasi waliua watu, hasa Watutsi. Kisha jeshi la serikali likaanza kuwaua Wahutu, na mauaji hayo yaliendelea kwa miezi. Watu waliokufa walikuwa maelfu kwa maelfu. Waliotafutwa sana ni wale waliosoma: walimu, wanafunzi, makarani, wachungaji. Wewe unayejifunza kusoma leo, fikiri kidogo juu ya hilo. Katika siku zile, kwa watu wale, kujua kusoma kulikuwa hatari.

Mume na mke wetu walikuwa vijana. Walikuwa wameoana mwaka uliotangulia, na mke alikuwa na mimba. Hawakujua kusoma. Walikuwa wakulima wa migomba na maharage kwenye kilima cha baba yake mume. Waliondoka usiku. Mke alibeba sufuria moja na nguo. Mume alibeba jembe. Walitembea usiku na kujificha mchana, wakafika ziwani, wakavuka kwa mtumbwi mpaka upande wa Kigoma.

Serikali ya Tanzania na Umoja wa Mataifa waliamua kwamba wakimbizi wasikae mpakani. Walitafutiwa mahali mbali na mpaka, penye ardhi ya kulima. Makazi ya Ulyankulu yalifunguliwa mwaka 1972, na ya Katumba karibu na Mpanda mwaka 1973. Hivyo mume na mke wakasafirishwa kuelekea mashariki, kufuata njia ile ya zamani ya Ujiji na Tabora. Sehemu ya mwisho ilikuwa kwa lori, ndani ya msitu.

SIKU ZA KWANZA

Ulyankulu sasa iko katika Wilaya ya Kaliua. Zamani ilikuwa nchi ya Mtemi Mirambo. Karibu na hapo, Urambo, Waingereza walijaribu kulima karanga kwa matrekta kuanzia mwaka 1947. Mpango ule ulishindwa vibaya, na mwaka 1951 waliuacha. Wageni wale walikuja na mitambo ya fedha nyingi wakaondoka. Hawa wa 1972 walikuja na watoto mgongoni.

Mke aliposhuka kwenye lori alitazama huku na huku. Aliuliza, "Vilima viko wapi?" Kwao Burundi kila mtu anajua kilima chake. Anasimama mlangoni anaona moshi wa jirani upande wa pili wa bonde. Hapa palikuwa tambarare tupu na miyombo, mininga na mitundu mpaka mwisho wa macho. Mbung'o waliuma mchana. Usiku fisi walilia.

Walipewa shoka, panga, jembe na mbegu. Walipewa pia unga na maharage ya msaada mpaka watakapovuna. Walijenga kibanda cha miti na nyasi. Mume alikata miti tangu alfajiri mpaka jua kali. Mke alichoma matawi na kulima. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa katika kibanda hicho mvua za kwanza ziliponyesha.

Kwao nyumba zilikuwa mbalimbali, kila moja katikati ya shamba lake. Huku walipangwa kwa mistari, nyumba kando ya barabara, na barabara zenyewe zilipewa namba. Huenda umesikia redioni kwaya ya Ulyankulu, Barabara ya 13. Jina lile limetoka katika namba hizo. Mwanzoni mke hakupenda kukaa karibu karibu na watu asiowajua. Baadaye mtoto wake alipougua usiku, aliita tu dirishani na wanawake watatu wakaja. Tangu hapo hakulalamika tena juu ya barabara.

LUGHA

Nyumbani walisema Kirundi. Kwenye ofisi, zahanati na soko walihitaji Kiswahili. Wanyamwezi wa vijiji vya jirani walisema Kinyamwezi. Lugha hizo tatu ni ndugu. Mrundi akikuamkia asubuhi husema, "Mwaramutse." Mnyamwezi husema, "Mwangaluka." Mtu kwa Kirundi ni umuntu, kwa Kinyamwezi ni munhu. Maji kwa Kirundi ni amazi, kwa Kinyamwezi ni minzi. Mwenye masikio haoni taabu sana.

Lakini kuna mitego. Katika Kirundi neno ejo lina maana ya jana na pia kesho. Msikilizaji anajua kwa maneno mengine yanayofuata. Siku moja mke alinunua asali kwa mama mmoja wa Kinyamwezi. Hakuwa na fedha za kutosha. Akasema, "Mama, zilizobaki nitakulipa jana."

Yule mama alimtazama. "Jana imekwisha pita, mwanangu. Utanilipaje?"

"Nitakuja jana asubuhi, kweli kabisa."

Watu sokoni walicheka mpaka wakashika mbavu. Mke aliona haya, lakini kesho yake asubuhi alileta fedha zote. Tangu siku ile yule mama alimwita "Mama Jana," nao wakawa marafiki. Mama yule alimwonyesha uyoga wa kuliwa na uyoga wa kuuacha, maana msitu wa Unyamwezi hutoa uyoga wa aina nyingi mvua zinapoanza. Alimfundisha kukata viazi vitamu na kuvianika kuwa michembe, akiba ya miezi ya njaa. Mume alijifunza kwa wazee kutengeneza mzinga wa gome na kuutundika mtini. Wao nao walikuwa hodari wa kulima maharage na muhogo, na wanyamwezi wa jirani walikuja kununua kwao. Siku nyingine waligombana juu ya mipaka ya mashamba, kama majirani wote wanavyogombana.

TUMBAKU

Zao la fedha lilikuwa tumbaku. Wewe unayeishi Urambo, Kaliua au Sikonge unaijua kazi hii. Kitalu humwagiliwa wakati wa kiangazi, kabla ya mvua. Mvua ikija, miche huhamishiwa shambani. Baada ya hapo ni palizi, kukata maua, kuvuna jani moja moja kutoka chini kwenda juu. Kisha ni bani.

Kukausha majani ndani ya bani huchukua siku na usiku kama juma zima. Moto ukizidi, majani huungua. Ukipungua, majani huoza. Mume na mke walipokezana. Mume alilinda moto mpaka usiku wa manane. Mke aliamka akalinda mpaka alfajiri, mtoto amelala kwenye mkeka kando yake. Kwa hiyo, katika wiki hizo, mume na mke walionana kama walinzi wawili wanaopishana langoni.

Tumbaku iliwapa bati la kwanza la nyumba, na baiskeli. Lakini bani hula kuni nyingi sana. Msitu uliowaogopesha mwaka 1972 ulirudi nyuma kila mwaka. Leo mke akitaka kuni hutembea mbali, na mizinga ya mumewe haina miti mikubwa ya kutundikwa. Maji pia yalikuwa shida Ulyankulu. Watu walikuwa wengi kuliko maji na ardhi nzuri. Makazi mapya ya Mishamo yalipofunguliwa mwaka 1978, familia nyingi za Ulyankulu zilihamishiwa huko. Kaka yake mume alikuwa mmoja wao. Ilikuwa safari nyingine ya lori na msitu mwingine wa kukata.

KIBALI

Sasa tufike kwenye jambo lililokuwa gumu zaidi. Mkimbizi hakuruhusiwa kwenda anakotaka. Kwa sheria ya wakimbizi, alipaswa kukaa katika makazi aliyopangiwa. Akitaka kutoka, kwenda Tabora au kwa ndugu Katumba, alipaswa kuomba kibali kwa Mkuu wa Makazi. Kibali kiliandikwa jina lake, mahali anakokwenda na siku za kukaa huko. Siku zikipita, aliweza kukamatwa.

Mwaka mmoja kaka yake mume aliugua kule Mishamo. Mume akapata kibali akaenda. Alipofika, kaka yake alikuwa hajiwezi. Mume alikaa akamwuguza mpaka akapata nafuu, kisha akaanza safari ya kurudi. Njiani alitakiwa kuonyesha karatasi yake. Akaitoa mfukoni kwa furaha, maana alijua anayo.

"Mzee, kibali hiki ni cha siku saba. Leo ni siku ya kumi na moja."

Mume alishangaa. Aliyempa karatasi hakumsomea, naye hakuuliza. Aliibeba ile karatasi siku kumi na moja, na kila kitu kiliandikwa humo, ila yeye hakuweza kukisoma. Alilala mahabusu usiku ule.

Alipofika nyumbani hakusema mengi. Jioni iliyofuata alimwona mkewe anajifunga kanga na kuchukua daftari. Mke alikuwa anakwenda darasa la kisomo kwa miezi mitatu, na mume alikuwa akimtania, "Unataka kuwa karani?" Jioni ile mume alichukua kiti akamfuata. Unajua kwamba Tanzania ilikuwa na kampeni kubwa ya kisomo miaka ile. Mwaka 1970 uliitwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka 1975 ulifanyika mtihani wa nchi nzima. Walimu wa kisomo walifundisha chini ya miti, makanisani, mabandani. Mume hakuanza na jina lake. Alimwomba mwalimu, "Nifundishe kwanza tarakimu. Nataka kujua siku."

KUCHAGUA

Miaka ilipita. Watoto saba walizaliwa Ulyankulu, wote wakaandikwa wakimbizi kama wazazi wao, ingawa hawakuiona Burundi hata siku moja. Walisoma kwa Kiswahili. Waliimba wimbo wa taifa wa Tanzania shuleni kila asubuhi. Walipokua, walioa na kuolewa.

Tanzania ilikuwa imewahi kuwapa wakimbizi uraia kwa wingi. Mwaka 1980 Mwalimu Nyerere aliamua kuwapa uraia wakimbizi wa Rwanda wapatao 36,000. Warundi wa 1972 waliendelea kungoja. Burundi yenyewe ilipata amani, ikaipoteza. Oktoba 1993 Rais Ndadaye aliuawa, vita vikaanza, na wakimbizi wapya wakaingia Kigoma. Mapatano ya amani yalitiwa saini Arusha mwezi wa Agosti 2000.

Kisha, mwaka 2007, waliulizwa wazi: mnataka kurudi Burundi, au mnataka kuomba uraia wa Tanzania? Katika makazi yote matatu walihesabiwa watu wapatao 218,000.

Nyumba hii haikulala usiku ule.

Mume alisema, "Mama watoto, mimi nataka kurudi. Nataka kulala kwenye kilima cha baba yangu."

Mke akajibu, "Kilima kipo. Lakini nani analima pale sasa?"

"Ni ardhi yetu."

"Ilikuwa yetu miaka thelathini na mitano iliyopita. Aliyezaliwa pale siku tulipoondoka sasa ni baba wa watoto wanne. Utamwambia nini? Aondoke?"

Mume alinyamaza. Mke akaendelea, "Na wajukuu hawa, watasema lugha gani shuleni? Kule wanafundisha kwa Kifaransa. Na mtoto wetu tuliyemzika hapa, tutamwachia nani kaburi lake?"

"Na makaburi ya kule, mke wangu?"

Hilo mke hakuwa na jibu lake.

Hofu ya mke juu ya ardhi ilikuwa ya haki. Watu zaidi ya 50,000 walirudi Burundi mwaka 2008 na 2009. Wengi walikuta mashamba yao yana watu wengine, hasa kusini, Rumonge na Nyanza-Lac. Kesi zilikuwa nyingi, na serikali ya Burundi ilikuwa imeunda tume ya kuzisuluhisha. Kaka yake mume, yule wa Mishamo, alikuwa miongoni mwa waliorudi. Mume na mke walibaki, kama watu wanne kati ya kila watano.

Kuomba uraia kulikuwa na sharti zito. Sheria ya Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Ilibidi waukane uraia wa Burundi. Mke alitia saini jina lake, herufi moja moja, kwa mwandiko wa darasa la kisomo. Mume alishika kalamu muda mrefu. Aliisoma karatasi yote kwanza, polepole, kwa kidole. Watu walingoja nyuma yake. Kisha akatia saini.

CHETI

Mwaka 2010 watu zaidi ya 162,000 walikubaliwa. Lakini vyeti havikutolewa mara moja. Serikali ilikuwa na mpango wa kuwahamisha raia hao wapya kwenda mikoa mingine, na makazi yafungwe. Hapo ndipo maisha yalipokuwa ya ajabu. Walikuwa wamekana uraia mmoja, na wa pili walikuwa hawajaushika mkononi. Nyumba ikivuja, mume alijiuliza: niezeke upya, au nitahamishwa kabla ya mvua? Mke alitaka kupanda miembe. Alingoja mwaka mmoja, akangoja wa pili. Mwaka wa tatu alisema, "Mwembe haujui habari za karatasi," akapanda.

Mpango wa kuwahamisha uliachwa. Oktoba 2014 vyeti vilianza kutolewa, na wakaruhusiwa kubaki. Oktoba 2015 mume na mke walipiga kura katika uchaguzi mkuu kwa mara ya kwanza maishani mwao. Wapo wengine ambao hawakuwapo siku za kuandikishwa, wakakosa kuingia katika orodha. Kwa hao mambo hayakwenda hivi.

Leo mume na mke ni wazee. Vyeti vyao viko ndani ya mfuko wa nailoni, mfuko umo katika mkebe, na mkebe umetundikwa juu kwa sababu ya mchwa. Nyumbani bado wanasema Kirundi wakiwa wawili tu. Wajukuu wakiingia wanageuza Kiswahili. Mume alikwenda Burundi mara moja kumwona kaka yake. Hakuomba kibali kwa Mkuu wa Makazi. Alisimama chini ya kilima cha baba yake akakitazama, akasalimiana na watu wanaolima pale, wakampa mkungu wa ndizi. Aliuleta mpaka Ulyankulu, na ndizi nyingi zilikuwa zimeiva mno njiani.

Mke alimwuliza, "Umerudi lini kutoka kwenu?"

Mume akajibu, "Jana, Mama Jana."

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

Kwa nini wakimbizi wa 1972 hawakuachwa wakae karibu na mpaka?

Mume alikuwa na kibali, lakini alilala mahabusu. Ilikuwaje? Je, wewe au mtu unayemjua mmewahi kupata shida kwa karatasi ambayo haikusomwa?

Kama ungekuwa katika nyumba ile mwaka 2007, ungekubaliana na mume au na mke? Toa sababu zako. Wenzako wakipinga, wasikilize mpaka mwisho.

Nyumbani tafuta karatasi zako muhimu: cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, hati ya shamba kama unayo. Zisome zote. Andika katika daftari tarehe unazozikuta, kisha uzilete darasani.